Fildi ya msimu kwenye shamba mseto: anza na mvua, ndipo utafute shamba

Kila ifikapo mwezi wa nne simu yangu huanza kupokea ujumbe unaofanana, wa wanafunzi wanaotafuta fildi, yaani mafunzo kwa vitendo: "Shikamoo mama, naomba nafasi ya fildi mwezi wa saba." Shamba letu ni ekari saba chini ya milima ya Uluguru, upande wa Mvomero. Tuna mahindi na maharage, bustani ya mboga ya kumwagilia, ng'ombe wanne wa maziwa, mbuzi, kuku, migomba na mizinga michache ya nyuki. Nikishaitikia marahaba huwa nauliza swali moja: mwanangu, unataka kujifunza nini? Wengi hujibu, "Kila kitu."

Mwezi wa saba huku kwetu hakuna kila kitu. Mahindi ya masika yameshakauka, hakuna anayepanda wala kupalilia, na aliyekuja na hamu ya kilimo cha mahindi atakaa chini ya mwembe anapukuchua. Si kosa lake. Kalenda ya chuo na kalenda ya mvua hazikupangwa na mtu mmoja.

Haya nayaandika kwa mwanafunzi anayetafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, na kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita anayetaka kuishi shambani msimu mmoja kabla hajaamua kukopa hela ya kulima. Mifano ni ya Morogoro, ambako tuna vuli na masika. Wa Mbeya na Njombe, mvua yao ni msimu mmoja mrefu, basi wabadili miezi.

Hatua ya 1: Pima wiki zako kwa umri wa kitu

Chukua karatasi uandike una wiki ngapi. Kisha andika kitu unachotaka kujifunza kinachukua muda gani tangu kuanza hadi kumalizika. Mchicha ni wiki tatu hadi nne. Yai la kuku linaanguliwa siku ya 21. Maharage ni miezi miwili na nusu hadi mitatu. Nyanya hukaa kitaluni kama wiki nne, halafu inahitaji miezi miwili na nusu hivi tangu kupandikizwa ndipo uanze kuchuma. Mahindi ya ukanda wetu ni miezi mitatu na nusu hadi minne. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, ng'ombe tisa.

Mwenye wiki nane anaweza kuotesha mchicha akauvuna na kuuza mara mbili. Anaweza kuatamisha mayai na kuondoka akiacha vifaranga vya wiki tano. Nyanya hataziona zote, na mahindi ataona kipande tu. Hakuna ubaya kuona kipande, ilimradi ukichague mwenyewe na ujue unachokikosa.

Mimi nina njia ninayoipenda zaidi, ingawa si kila chuo kinaikubali: gawa muda wako. Njoo wiki mbili mwanzoni mwa Machi tupande, nenda, urudi Julai kwa wiki sita tuvune. Muulize msimamizi wako kabla hujaandika barua. Wengine wanataka siku zifuatane, wengine wanajali jumla yake tu.

Hatua ya 2: Chagua msimu

Oktoba hadi Desemba ni vuli. Mvua zake huku kwetu haziaminiki, hivyo tunapanda maharage na mboga zaidi kuliko mahindi. Ni msimu mzuri wa kujifunza kitalu, na aliyemaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja anaweza kuanzia hapo moja kwa moja.

Januari na Februari ni kuandaa: kusomba samadi, kulima, kununua mbegu, kuogopa.

Machi hadi Mei ni masika, na ndiyo shule yenyewe. Mahindi tunapanda kwa kamba, sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Hiyo inakupa karibu mimea 18,000 kwa ekari, kama hakuna panya wala uvivu. Wiki chache baadaye unakuwa unainamia kila mche ukitafuta viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini mwaka 2017 na hawana nia ya kuondoka. Utaona palizi mbili, mbolea ya kukuzia, matope mpaka magotini na barabara isiyopitika. Wanafunzi wa vyuo karibu wote huukosa msimu huu, na ndio unaoamua kama mtu anapenda kilimo au anapenda picha za kilimo.

Juni hadi Septemba ni kiangazi. Usikidharau. Mwanzoni mwa Juni tunakata majani ya tembo kabla hayajakomaa sana, tunayakatakata vipande vya sentimita mbili tatu, tunayanyunyizia molasi iliyochanganywa na maji na kuyashindilia kwenye mifuko mpaka hewa iishe, ili Septemba ng'ombe wawe na sileji, yaani majani yaliyochachushwa yasioze. Mboga za kumwagilia hupata bei nzuri. Mahindi yanakaushwa, yanapimwa, yanahifadhiwa. Mwenye hamu ya mifugo, bustani au biashara, huu ndio msimu wake.

Hatua ya 3: Tafuta shamba, halafu kaangalie samadi

Anzia kwa afisa ugani wa kata. Huyo anajua nani analima kweli na nani ana bango tu barabarani. Wanafunzi wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana bahati, kwa sababu wahadhiri wao wamezoeana na wakulima wa huku. Mgeta, kwa mfano, mbuzi wa maziwa kutoka Norway walifikishwa na mradi wa chuo hicho miaka ya 1980, na mpaka leo kuna familia zinazokama mbuzi. Vyuo vya MATI kwa kilimo na LITA kwa mifugo navyo huwa na orodha ya mashamba yanayopokea vijana. Anayetaka kilimo hai aulize kituo cha mafunzo cha SAT (Sustainable Agriculture Tanzania) kilichopo Vianzi, nje kidogo ya Morogoro mjini.

Ukishapata shamba, omba kulitembelea siku moja kabla ya kukubali. Usihesabu ng'ombe. Uliza samadi inakwenda wapi. Kama imerundikana nyuma ya banda inanyeshewa mvua huku mwenye shamba akinunua mbolea ya dukani kwa kila kitu, hapo pana mashamba matatu yaliyopakana: la ng'ombe, la mboga na la mahindi. Shamba mseto ni pale mabua ya mahindi yanapoliwa na ng'ombe, samadi ikageuka mboji, mboji ikaotesha kabichi, na majani ya kabichi yasiyouzika yakarudi kwa mbuzi. Unachokwenda kujifunza ni hicho kinachotembea katikati. Kulima kabichi peke yake unaweza kujifunza popote.

Hatua ya 4: Kubalianeni kwa maandishi

Barua ya chuo inakutambulisha tu, haisemi utalala wapi. Andikeni ukurasa mmoja mwingine, wewe na mwenye shamba, mkasaini wote. Uwe na mambo haya:

- Tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi na siku ya mapumziko.
- Chakula na malazi: nani anatoa, nani anapika.
- Posho, hata kama jibu ni kwamba hakuna. Liandikwe.
- Nani hasa atakufundisha, kwa jina, na nani atasaini kitabu chako cha kumbukumbu.
- Ukiumwa au ukiumia, nani anakupeleka zahanati na kwa hela ya nani.
- Kazi ambazo hutafanya.

Kuhusu saa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mwajiriwa. Mwanafunzi si mwajiriwa wangu, lakini huwa najiambia kama kibarua ninayemlipa hatakiwi kuzidisha hapo, mtoto wa watu nisiyemlipa nitamzidishiaje? Wapo wenye mashamba wanaosubiri wanafunzi kama wanavyosubiri mvua, maana ni palizi ya bure. Utawajua kwa jibu lao ukiuliza, "Wiki ya tatu nitakuwa nafanya nini?" Wakisema "tutaona", endelea kutafuta.

Yapo pia mashamba yanayotoza ada. Si dhambi, kufundisha ni kazi. Lakini anayetoza aonyeshe ratiba.

Kwa mabinti nina neno la ziada. Uliza chumba kina ufunguo na ufunguo anakaa nao nani, uliza kama kuna mwanamke mwingine anayelala pale shambani, na uwaachie nyumbani namba ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenye shamba muungwana hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, ameshakujibu.

Hatua ya 5: Beba vichache, ripoti mapema

Gambuti, kwa sababu ya matope na nyoka. Shati la mikono mirefu, kofia, tochi, chandarua, kadi ya bima kama unayo, kitambulisho. Kachome chanjo ya pepopunda kabla ya safari, maana shamba ni misumari na samadi. Beba kaunta buku moja nene na kalamu tatu. Kama wewe ni mnufaika wa mkopo, fedha za mafunzo kwa vitendo zinaweza kukukuta umeshaanza kazi, kwa hiyo uwe na nauli na ya kula wiki mbili za mwanzo.

Siku ya kwanza au ya pili peleka nakala ya barua yako kwa mtendaji wa kijiji na ujitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Dakika ishirini tu, na kuanzia hapo wewe si mgeni asiyejulikana.

Hatua ya 6: Wiki mbili za kwanza, mfuate mtu mmoja

Usirukeruke. Kwetu mgeni anakabidhiwa kwa mzee anayetunza ng'ombe, ambaye shambani wote tunamwita Mjomba, na anamfuata kama kivuli.

Saa kumi na moja alfajiri Mjomba yuko bandani na ndoo ya maji ya uvuguvugu. Anaosha kiwele, anakausha kwa kitambaa cha ng'ombe huyo huyo, hachanganyi. Matone ya kwanza ya kila chuchu anayakamulia kwenye kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi na kuyasogeza kwenye taa. Akiona mabonge, anajua ugonjwa wa kiwele umeanza, na maziwa hayo hayaingii kwenye ndoo. Kisha anakama haraka, haongei, kwa sababu kule kuosha ndiko kunamfanya ng'ombe aachie maziwa, na akishaachia una dakika chache tu. Kelele au mgeni anayeshtukashtuka, ng'ombe anayabana.

Kijana akipewa zamu huwa anavuta chuchu. Chuchu haivutwi. Unabana juu kwa kidole gumba na cha shahada ili maziwa yasirudi, halafu vidole vingine vinafunga kimoja kimoja kushuka chini. Dakika ya pili mkono unawaka moto, dakika ya tano hauusikii tena. Mjomba hasemi kitu, ananyoosha tu mkono kuchukua ndoo. Kufikia siku ya kumi wengi wanamaliza ng'ombe mmoja wenyewe, na hapo ndipo anapoanza kuwafundisha yale makubwa. Atawaonyesha namna ya kumtambua aliye kwenye joto, na kwa nini aliyeonekana asubuhi anahimilishwa jioni na wa jioni kesho yake asubuhi. Atawafundisha kupapasa masikio kutafuta kupe na kuvimba kwa tezi kabla ndigana kali haijamlaza mnyama.

Kosa lililotugharimu lilikuwa langu, si la mwanafunzi. Ng'ombe mmoja alikuwa amechomwa dawa, maziwa yake yalitakiwa kumwagwa mpaka siku za kusubiri ziishe. Mjomba alijua, mimi nilijua, kijana wa fildi hakuambiwa. Akamimina ndoo ile kwenye keni la wote. Tulimwaga keni zima mbele ya mteja. Tangu siku hiyo ng'ombe mwenye dawa anafungwa kitambaa chekundu mguuni na jina lake linaandikwa ubaoni bandani. Shamba utakalokwenda, uliza siku ya kwanza: alama ya mnyama mwenye dawa ni ipi? Wakitazamana, pendekeza kitambaa.

Hatua ya 7: Viuatilifu, usiwe na haraka

Kwangu mwanafunzi hashiki bomba la kupulizia mwezi wa kwanza. Anaanza kwa kusoma lebo: rangi inayoonyesha ukali wa sumu, kipimo kwa lita ishirini za maji, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kama dawa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Chini ya miaka 18 hapulizii kabisa.

Utaona watu wakichanganya dawa tatu kwenye bomba moja kwa ajili ya kantangaze, yule nondo wa nyanya aliyeonekana nchini mara ya kwanza mwaka 2014. Usijifunze hilo. Jifunze mitego ya firomoni, ile harufu inayovuta nondo dume, kuchuma na kuzika majani yaliyochimbwa na viwavi wake, kung'oa masalia ya nyanya mara mavuno yanapoisha, na kutorudisha nyanya pale pale. Na usikubali kupulizia nyanya zinazochumwa kesho, hata ukiambiwa na bosi. Andika kwenye makubaliano yenu.

Hatua ya 8: Omba kitu chako mwenyewe

Wiki ya tatu omba matuta kumi, au kuku jike mmoja na mayai yake, na uwe wewe unayejibu kikiharibika. Kuku ni darasa zuri kwa sababu ni rahisi na kwa sababu mdondo, ugonjwa unaoua kuku wengi kwa mara moja, hauna huruma. Utajifunza kupanga siku ya I-2, chanjo ya mdondo, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na utajifunza kuwaomba majirani wachanje siku hiyo hiyo, kazi ambayo ni ngumu kuliko kushika kuku.

Kwenye kaunta buku chora safu: tarehe, kazi, saa zilizotumika, kilichoingia, kilichotoka. Andika kila jioni, hata mistari miwili. Kisha piga hesabu bila kujionea huruma. Tuseme mchicha wako umekula mbegu ya shilingi 3,000, kibarua 20,000 na petroli ya pampu 12,000, ukauza mafungu 200 kwa shilingi 300 kila moja. Umepata 60,000, unaona faida ya 25,000. Sasa weka na samadi, hata kama ilitoka bandani bure: ndoo kumi ambazo ungezinunua kwa 1,000 kila moja. Faida imebaki 15,000. Umemwagilia saa moja kila siku kwa siku 28. Ni kama shilingi 535 kwa saa.

Vijana wengi hukasirika wakifika hapo. Lakini angalia tena ile 10,000 ya samadi. Mchicha haukuilipa, aliilipa ng'ombe. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini tunawafuga mwaka ambao bei ya maziwa inakera.

Hatua ya 9: Fuata mzigo mpaka sokoni na ghalani

Usiishie shambani. Panda gari la mboga alfajiri mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu, usimame pembeni ya dalali, usikilize. Hesabu tenga zimetoka ngapi na zimelipiwa ngapi. Angalia gunia linavyofungwa lumbesa, kilemba juu ya gunia ambacho mkulima halipwi, ingawa sheria ya vipimo inakikataza.

Kwa mahindi, kaa na ukaushaji mpaka mwisho. Tuna jaribio la chupa ya soda. Unaikausha chupa vizuri, unaweka mahindi mpaka robo yake, unaongeza vijiko vya chumvi kavu, unafunga na kutikisa dakika kadhaa. Ukiiacha itulie na chumvi ikabaki imeganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Chumvi ikishuka yote chini, yanaweza kwenda kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Usilione kama mchezo: mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi.

Hatua ya 10: Kuondoka

Wiki ya mwisho usifanye kazi mpya. Mkabidhi mtu matuta yako na kuku wako, mwonyeshe tarehe ya chanjo ijayo. Hakikisha kitabu cha chuo kimesainiwa kabla ya siku ya safari, maana siku ya safari mwenye shamba atakuwa mnadani. Omba barua inayotaja kazi ulizoweza kufanya peke yako: kukama, kuandaa sileji, kuchanja kuku. Barua inayosema tu "alikuwa na nidhamu" haikusaidii popote. Kaunta buku ondoka nayo, uniachie picha za kurasa za bustani, nami nazihitaji.

Na acha namba yako. Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha huwa napiga simu kwa waliokuja kiangazi: kamba imeshavutwa, tunapanda Jumamosi, aliye na nauli aje na gambuti zake.